Fereti mzima na fereti mgonjwa: kabla hujatoa hela, mwangalie hivi

Kila baada ya muda inazuka klipu ya fereti, kale kamnyama karefu, kembamba, kanarukaruka upande upande huku kameachama mdomo, na kwenye komenti ndo vurugu inaanza. Mmoja anasema nguchiro, mwingine anasema ni panya buku wa kizungu, wa tatu anaapa hicho ni kicheche na kitanukisha nyumba nzima, alafu anatokea ndugu yetu anayeishi Ohio au Leicester anauliza jamani mtoto wangu anamtaka huyu, nimemuona dukani, nimchukue au nimwache? Hapo sasa kila mtu anageuka daktari wa mifugo.

Na wanaochanganyikiwa si sisi tu. Mwaka 2013 ilisambaa stori kutoka Argentina kwamba kuna mzee alinunua vijibwa viwili aina ya poodle sokoni kwa bei chee, kufika kwa daktari akaambiwa mzee wangu hawa ni fereti waliotengenezwa nywele. Watu wengi waliibishia hiyo stori lakini ilizunguka dunia nzima. Mwaka 2021 tena Wamarekani wakatangaza kwamba wamemtengeneza fereti kwa njia ya kunakili chembe za mnyama aliyekufa tangu 1988, wakamwita Elizabeth Ann, na watu wakaanza kuuliza, kama fereti wako hatarini kutoweka mbona wamejaa madukani?

Ngoja tulifumue taratibu. Suala la fereti ni nani ni dogo, linaisha kwa dakika mbili. Penye kazi ni kwenye afya, kwa sababu mambo ya kawaida kabisa ya fereti yanafanana na ugonjwa, na ugonjwa wake unafanana na mambo ya kawaida, kwaiyo mtu anamkataa aliye mzima anambeba mgonjwa, tena anaondoka anatabasamu.

Huyu ni nani hasa

Fereti ni mnyama mla nyama wa ukoo mmoja na kicheche, nyegere na fisi maji. Siyo panya, panya kwake ni chakula. Siyo nguchiro pia, ingawa umbo linadanganya, nguchiro kiukoo yuko upande wa paka na fisi wakati fereti yuko upande wa mbwa na dubu. Babu yake ni mnyama wa porini wa Ulaya anayefanana na kicheche chetu, watu wakamfuga zaidi ya miaka 2000 iliyopita kwa kazi moja kubwa, kuingia kwenye mashimo ya sungura na kuwafurumusha watoke nje ambako nyavu zinawasubiri. Ndo maana kawa mrefu hivo, kembamba, miguu mifupi, na kichwa kikipita mahali mwili wote umepita. Jike ana uzito wa nusu kilo mpaka kilo moja hivi, dume kilo moja mpaka mbili. Anaishi miaka 5 mpaka 8, wachache wanafika 10.

Yule wa kwenye habari, Elizabeth Ann, ni mnyama mwingine. Yule ni fereti wa miguu myeusi, wa porini Amerika ya Kaskazini, ambaye watu walishaamini katoweka mpaka mwaka 1981 mbwa wa shamba moja huko Wyoming alipomleta mmoja nyumbani akiwa kafa. Hao hawafugwi majumbani, wanalindwa na sheria. Wanapoingiliana ni hapa tu, aliyembeba Elizabeth Ann tumboni alikuwa fereti wa kawaida wa kufugwa, na akamzaa Desemba 2020 huko Colorado.

Kabla hatujaenda kwenye afya, sheria kwanza, haraka haraka. California na Hawaii fereti wa kufuga ni marufuku, na jiji la New York nalo ni marufuku hata kama majirani zake nje ya jiji wanaruhusiwa. Australia inategemea jimbo, Queensland hapana. New Zealand ndo walioumizwa zaidi, waliwaleta miaka ya 1880 ili wawale sungura waliokuwa wanamaliza majani, fereti wakaona ndege wasioruka ni rahisi zaidi kuliko sungura, wakawageukia kiwi, na tangu 2002 kuwauza na kuwazalisha ni kosa. Kwaiyo ukisikia serikali fulani imekaza shingo juu ya kamnyama ka kilo moja, woga wao unatokea huko. Uliza sheria za mji wako siyo za jimbo tu.

Ulipo ndo unaamua unanunua nini

Marekani, fereti wengi wa madukani wanatoka kwenye mashamba makubwa ya kuzalisha, na wanafika dukani tayari wamehasiwa na wametolewa tezi za harufu za mkunduni wakiwa na wiki tano sita tu. Wale wa shamba la Marshall la jimbo la New York, ambalo linalisha maduka mengi sana, utawajua kwa vidoti viwili vya tattoo sikioni. Uingereza mambo ni tofauti, huko wengi wanatoka kwa mtu na mtu, wafugaji wadogo wanaopenda kuwinda sungura, na mara nyingi hawajahasiwa, na kutoa zile tezi huko hakufanyiki bila sababu ya kitabibu.

Kwa nini nakwambia haya? Kwa sababu kila njia ina shida yake ya kiafya na inabidi uijue kabla.

Aliyehasiwa mapema mno ana hatari ya ugonjwa wa tezi za adrenali baadaye, zile tezi ndogo zinazokaa karibu na figo. Kinachotokea ni kwamba ubongo unaendelea kutuma amri ya kutengeneza homoni za uzazi, viungo vya uzazi havipo vya kupokea na kujibu, basi amri inazidi kupigwa mpaka tezi za adrenali zinaipokea zenyewe na kuanza kuitengeneza hiyo homoni, zinavimba, wakati mwingine zinakuwa uvimbe kabisa. Huu ndo moja ya magonjwa yanayowapata sana fereti wa Marekani. Siyo kwamba kila wa dukani ataugua, na unaweza kuudhibiti kwa kipandikizi cha homoni kinachowekwa chini ya ngozi, lakini ujue bajeti hiyo inakuja.

Sasa jike ambaye hajatolewa kizazi ana kasheshe lake, na hili wengi hawalijui kabisa mpaka mnyama amekufa. Jike wa fereti akiingia joto hatoki kwenye joto mpaka apandwe. Yaani mayai hayaachiliwi mpaka kuwe na tendo. Akikaa hivo wiki nyingi homoni ya estrojeni inazidi mwilini, inaua uboho wa mifupa, damu haitengenezwi tena, fizi zinakuwa nyeupe, anatoka michubuko ya damu chini ya ngozi, anakufa. Mtu anayekuuzia jike wa miezi minane mwezi wa tano akakwambia "huyu ni mzima hajawahi kuguswa na daktari" kwake ni sifa, kwako inatakiwa iwe swali: joto lake linazuiwaje? Jibu zuri ni moja kati ya haya, katolewa kizazi, ana kipandikizi, anachomwa sindano ya kuzuia, au anawekwa na dume aliyekatwa mirija. Akikujibu "ataacha mwenyewe", aga uondoke.

Kuna njia ya tatu watu wanaiacha, vituo vya kuokoa fereti waliotelekezwa. Mi naona kwa mtu anayeanza hiyo ndo bora kuliko zote, na hili nalisema nikijua watoto wanataka kadogo. Fereti aliyekomaa wa miaka miwili mitatu tabia yake inajulikana, kung'ata kumeshapungua, walezi pale watakwambia ukweli kuhusu choo chake na meno yake kwa sababu hawafanyi biashara.

Mshike, usimtazame tu

Mnada wa mbuzi umewahi kuufikia? Hakuna mtu anayenunua mbuzi kwa kumtazama usoni, unamfungua mdomo uone meno, unamkandamiza mgongo, unaangalia nyuma kwake, alafu unamtembeza. Fereti ni hivohivo, ila watu wakifika kwenye kioo cha duka wakaona kasura kamelala wamekwisha.

Tuanze na kulala kwenyewe. Fereti analala masaa 14 mpaka 18 kwa siku, na anaweza kulala usingizi mzito kiasi kwamba unamuinua anakuwa legelege kama nguo, kichwa kinaning'inia, unamtikisa hana habari. Watu wameshalia kabisa wakidhani amekufa. Huyo ni wa kawaida, mradi anapumua, fizi zake ni za pinki na baada ya dakika moja mbili anafungua macho anapiga miayo. Akishaamka anaweza kutetemeka mwili mzima, na hapo pia muuzaji anapata shida ya kuelezea kwa wateja, wakati ni mwili unajipasha moto tu baada ya usingizi, unaisha wenyewe. Kinachotisha ni tofauti, ni yule aliyeamka kabisa, macho wazi, lakini anaangalia hewani tu, anadondosha mate, anajikuna mdomo kwa makucha ya mbele kana kwamba kuna kitu kimekwama kwenye meno. Hiyo ni sukari imeshuka. Fereti wakishavuka miaka mitatu wanapata sana vivimbe vidogo kwenye kongosho vinavyomwaga insulini bila mpangilio, ugonjwa unaitwa insulinoma, na muuzaji asiyejua atakwambia "huyu ni mtulivu, anafaa kwa watoto". Fereti aliyetulia mikononi mwa mgeni mchana kweupe, aliyekwisha amka, mtilie shaka. Mzima hatulii, anajinyonganyonga, anataka kuingia kwenye mkono wa shati lako.

Mkiwa mmemwamsha, omba ashikwe ile ya shingoni, yaani anashikwa ngozi ya nyuma ya shingo ananing'inizwa kidogo huku unamuunga mkono chini ya makalio. Hamuumizi, mama zao wanawabeba hivo. Hapo fereti wengi wanalegea na wanapiga mwayo mrefu, mdomo wote unafunguka wenyewe, na ndo nafasi yako ya kuona meno bila kung'atwa. Meno ya chonge yawe meupe na mazima. Ukiambiwa ni wa mwaka mmoja alafu unaona chonge zimekuwa za njano na ncha zinapitisha mwanga, huyo ni mzee kuliko alivyosemwa. Fizi pinki, siyo nyeupe, siyo nyekundu za kuvimba. Bado yupo kwenye mkono, ile ngozi ya shingo ikiachiwa irudi mahali pake mara moja, ikibaki imesimama basi hana maji mwilini, na mnyama asiye na maji mwilini mara nyingi anaharisha.

Masikio. Hapa ndo wengi wanakimbia bila sababu. Fereti anatoa nta nyingi masikioni, ya rangi ya hudhurungi inayoelekea wekundu, na hiyo ni kawaida kabisa, sikio lisilo na nta hata kidogo limesafishwa asubuhi kwa ajili yako. Usiyoitaka ni nyeusi, ya chengachenga kama masalia ya kahawa, yenye harufu, na mnyama anajikuna na kutikisa kichwa. Huo ni utitiri wa masikio. Unatibika kwa dawa, siyo mwisho wa dunia, ila kama mmoja anao basi keji nzima wanao, na duka lililoacha keji nzima ikajikuna utajiuliza limeacha nini kingine.

Mkia sasa. Mkia ndo gazeti la fereti. Vidoa vidogo vyeusi vya mafuta kwenye ngozi ya mkia ni kawaida, na mkia kupungua nywele msimu wa kubadilisha manyoya nao unatokea, nywele zinarudi. Lakini ukiona nywele zimetoka mkiani zikapanda kiunoni, zikapanda mgongoni, pande zote mbili sawasawa, hizo ni tezi za adrenali zinaongea. Jike aliyekwisha tolewa kizazi ukimkuta sehemu zake za siri zimevimba, ni hizohizo tezi. Dume anayekaa muda mrefu kwenye kona ya choo anajikamua na mkojo hautoki, hizohizo, na huyo ni wa kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo kwa sababu mkojo ukiziba anakufa. Muuzaji anaweza kukwambia manyoya yametoka kwa sababu ya chakula. Inawezekana, ila muulize cheti cha daktari.

Alafu muweke chini atembee. Mgongo wake utapinda juu kama upinde, usishtuke, ndo mwendo wake. Miguu ya nyuma iwe na nguvu, iinue kiuno, isiburuzike wala kuyumba. Akipata raha ataanza ile ya kwenye klipu, anaruka upande upande, anagonga kiti, anaanguka, anasimamisha nywele za mkia, anatoa sauti ya kukwakwaza chini chini. Watu wanadhani kifafa. Kifafa hakirudi kukukimbiza kidole cha mguu.

Geuza nyayo uzitazame, na kidevu. Nyayo ngumu, zilizovimba na kuchanika, pamoja na ukurutu kwenye kidevu na macho yanayotoa matongotongo mazito, ni dalili za distempa, ugonjwa uleule unaoua mbwa, na kwa fereti karibu hakuna anayepona. Ukiziona hizo kwa hata mmoja tu usinunue yeyote mahali pale, nenda nyumbani, badilisha nguo na viatu kabla hujashika fereti au mbwa mwingine.

Na choo, samahani kama unakula. Ingia kwenye boksi lao na macho yako yote. Chakula kinapita tumboni kwa fereti ndani ya masaa matatu manne tu, kwaiyo choo chake kinakupa habari za leoleo. Kiwe cha kahawia, kimeshikana, kirefu. Kijani cha ute kwa siku moja inaweza kuwa msongo wa safari, kikiendelea ni ugonjwa wa utumbo unaoletwa na aina ya virusi vya korona vya fereti, uligundulika Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ujanja wake mbaya ni huu, kadogo kanaubeba kakiwa hakana dalili yoyote, unakapeleka nyumbani, anayeugua ni mzee uliyekuwa naye siku zote. Kwaiyo mgeni akae chumba chake peke yake wiki mbili angalau, na wewe unawe mikono ukitoka kwake. Choo cheusi cha kunata kama lami ni damu iliyomeng'enywa, kidonda cha tumbo hicho.

Yale yanayosemwa mtaani

"Akitolewa tezi hanuki." Ananuka. Zile tezi za mkunduni ni za kujihami, anazitumia akishtuka, harufu inakaa dakika chache inapotea. Harufu yake ya kila siku inatoka kwenye mafuta ya ngozi, na inayopunguza hiyo kwa kiasi kikubwa ni kuhasiwa. Alafu watu wanamuogesha kila wiki, wanashangaa harufu inaongezeka, maana ngozi ikikauka inakimbilia kutoa mafuta zaidi. Fua matandiko yake, yeye mwache. Na kama pua yako haiwezi hata hiyo kidogo, usidanganywe na muuzaji kwamba utazoea, wengine hawazoei na mnyama anaishia kutupwa.

"Mweupe kichwani ndo mzuri zaidi." Mzuri kwa picha. Wale wenye mstari mweupe kuanzia paji la uso mpaka shingoni, au kichwa chote cheupe, wengi ni viziwi, inatembea na vinasaba vya hiyo rangi. Mjaribu kwa kutikisa funguo nyuma yake. Kiziwi anafugika vizuri tu, ila anashtuka akiguswa ghafla, na fereti aliyeshtuka anang'ata kwanza anauliza baadaye. Mwenye watoto wadogo alijue hilo.

"Anakula chochote." Hapana, na hili linaua polepole. Utumbo wake ni mfupi, hana ile sehemu ya kuchachusha majani, anahitaji nyama na mafuta, protini asilimia 30 mpaka 40. Ugali, mkate, maziwa, ndizi, biskuti, vyote hivo weka mbali, na zile peremende za fereti zenye sukari zinazouzwa madukani vilevile. Chakula cha fereti au cha paka wadogo chenye nyama ya kutosha, kiwepo muda wote kwa sababu anakula kidogo kidogo mara nane mpaka kumi kwa siku. Muulize muuzaji anakula nini na ununue hichohicho, kwa sababu fereti anajifunza chakula akiwa mdogo kwa kunusa, akishavuka miezi sita asichokijua hakitambui kama chakula, kuna wanaokaa na njaa mbele ya bakuli lililojaa.

"Anang'ata, ni mkali." Kadogo kanang'ata, ndo kanavyocheza na ndugu zake ambao ngozi zao ni nene kuliko zako. Unachotaka kuona ni kwamba anaachia. Anayeng'ata akashikilia anaogopa, labda hajawahi kushikwa na binadamu kwa upole. Na usikubali kuuziwa mwenye chini ya wiki 8, macho yenyewe yanafunguka akiwa na mwezi mmoja hivi, wale waliotolewa kwa mama mapema hawajifunzi nguvu ya meno yao.

"Anatuletea mafua." Hii imegeuzwa. Wewe ndo unampelekea. Mwaka 1933 watafiti watatu wa London, Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw, walithibitisha virusi vya mafua ya binadamu kwa kuwapa fereti maji ya kusukutulia koo ya wagonjwa, fereti wakaumwa mafua sawasawa na watu, na miaka michache baadaye fereti mgonjwa akampigia chafya mtafiti, na yeye akaumwa. Toka wakati huo ndo mnyama wa kwanza anayefikiriwa kwenye utafiti wa mafua, na hata UVIKO-19 anaupata. Kwaiyo ukienda kumwangalia fereti una mafua, ahirisha. Na fereti mwenye chafya moja moja ananusa vumbi tu, mwenye makamasi mazito na hataki kula huyo ndo mgonjwa.

Ukishamchukua

Daktari wiki ya kwanza, na siyo daktari yeyote, uliza kabla kama anatibu fereti, wengi wa mbwa na paka hawawagusi. Ukikosa daktari wa fereti karibu na unapoishi mi ningekwambia usinunue kwanza. Chanjo ni mbili, distempa kuanzia wiki ya 8 na kurudiwa kila wiki tatu mpaka wiki ya 14, na kichaa cha mbwa kuanzia miezi mitatu alafu kila mwaka. Baada ya sindano kaa palepale kliniki nusu saa, wapo wanaopata mzio, wanatapika, pua inakuwa nyekundu, na ukiwa pale kuna dawa, ukiwa kwenye gari hakuna. Cheti cha kichaa cha mbwa kipige picha kiwe kwenye simu, kwa sababu kwenye baadhi ya majimbo Marekani fereti asiye na cheti akimng'ata mtu anaweza kuuawa ili kichwa kipimwe, hata kama ni mzima. Wa Ulaya mnajua nchi za Umoja wa Ulaya zina pasipoti ya wanyama, ni ya wanyama watatu tu, mbwa, paka na fereti, na inataka chipu na chanjo hiyohiyo.

Nyumbani kinachoua wadogo kuliko ugonjwa wowote ni mpira. Vifutio, spika za masikioni, soli za ndala, sponji ya kochi, chochote chenye kutafunika, anameza, utumbo unaziba. Fereti aliyeacha kula ghafla, anatapika, hajaenda choo, ni upasuaji siku hiyo. Na kila tundu linalopitisha kichwa chake lizibe, hasa nyuma ya jiko na friji.

Mwisho kuna wanaouliza kila siku kama wanaweza kumleta Dar au Mombasa. Achana na vibali kwanza, tatizo ni mwili wake. Fereti hatoi jasho la maana, na joto likivuka nyuzi 27 anaanza kuhema mdomo wazi, likifika 30 na kitu anaweza kufa ndani ya muda mfupi. Nyuzi hizo Dar ni Jumatatu ya kawaida. Atataka kiyoyozi mchana na usiku, na umeme ukikatika saa nane mchana mwezi wa pili usije ukamwekea feni ukadhani umemaliza, feni linampoza anayetoka jasho.